TAMTHILIA MEZANI NA TAMTHILIA JUKWAANI: Juu ya Nafasi ya Utendaji katika Idara za Lugha

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayesomea Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hukutana na tamthilia mapema sana. Huisoma, hueleza maudhui yake, huwachambua wahusika, hutaja mandhari na matumizi ya lugha, kisha hujibu swali la mtihani. Aghalabu huhitimu bila ya kuiona hata moja kati ya tamthilia hizo ikichezwa, na bila ya kusimama yeye mwenyewe mbele ya watu akayatamka maneno yake. Akishahitimu huenda kufundisha, na huko shuleni hukabidhiwa kazi mbili kwa pamoja: kufundisha tamthilia iliyoteuliwa kwa mtihani, na kuliandaa kundi la shule kwa tamasha la maigizo. Kwa kazi ya kwanza ameandaliwa nusu; kwa ya pili hakuandaliwa kabisa.

Jambo hili si dogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Tangu hapo tamthilia kama vile Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea zimepita mikononi mwa vijana wengi mno, kila moja kwa zamu yake. Kwa wengi wao hiyo ndiyo tamthilia ya pekee waliyopata kuisoma kwa makini. Jinsi walivyoifahamu ilitegemea sana jinsi mwalimu wao alivyofundishwa chuoni.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini utendaji, yaani kazi ya kuitoa tamthilia kitabuni na kuiweka mbele ya watazamaji, unastahili kuwa sehemu ya somo la tamthilia katika idara za lugha za Kiafrika. Hatudai kwamba idara hizo zigeuzwe vyuo vya waigizaji. Tunadai jambo moja tu: kwamba sehemu kubwa ya lugha ya tamthilia haionekani mpaka itendwe, na kwa hiyo mtaalamu wa lugha asiyejali utendaji huacha nje ya uchunguzi wake jambo lililo lake mwenyewe. Tutaanza kwa istilahi, tuitazame historia kwa ufupi, tutoe mifano, kisha tupendekeze jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa.

2. Juu ya istilahi

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayohusu sanaa hii, na kila neno linaitazama kutoka upande wake. Neno tamthilia limetoka katika Kiarabu, na ni la ukoo mmoja na mithili na mithali. Wazo lililo ndani yake ni la kufananisha. Neno mchezo linatokana na kitenzi cheza, ambacho kwa Mswahili huhusu ngoma, mpira na mzaha pia. Wazo lake kuu ni mwili unaotenda. Neno igizo, au maigizo, linatokana na iga, nalo linatukumbusha kwamba yuko mtu anayeigwa na yuko anayeiga, na kwamba hao wawili si mmoja. Neno onyesho linatokana na ona, na hilo linamwingiza mtazamaji: pasipo macho ya kuona hapana onyesho.

Tukiyaweka maneno haya manne pamoja tunapata maelezo ambayo yangetutosha kama fasili: kuna mfano wa maisha, kuna mwili unaotenda, kuna uigaji, na kuna watazamaji. Lakini katika matumizi ya shuleni na vyuoni nchini Kenya, neno tamthilia limekwishapata maana finyu, nayo ni kitabu. Mwanafunzi akiambiwa alete tamthilia darasani, huleta kitabu. Wenzetu wa Dar es Salaam walichagua istilahi ya sanaa za maonyesho kwa somo lao, na uchaguzi huo ulikuwa na maana: uliiweka ngoma, utambaji wa hadithi na mchezo wa jukwaani chini ya paa moja, na ukamfanya mtazamaji kuwa sehemu ya somo tangu jina lake.

Katika makala haya, basi, tutatumia tamthilia kwa maana ya matini iliyoandikwa, mchezo kwa maana ya matini hiyo ikiwa jukwaani, na utendaji kwa maana ya kazi yote ya kutoka katika lile la kwanza mpaka la pili.

3. Mchezo ulitangulia kitabu

Yafaa tukumbuke kwamba tamthilia ya Kiswahili katika nchi hii haikuzaliwa maktabani. Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance, huko Kikuyu, walikuwa wakitunga michezo ya Kiswahili na kuicheza. Mchezo wa Henry Kuria, Nakupenda Lakini, ulichezwa kwanza, na kitabu chake kikatoka baadaye, mwaka 1957. Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi ilifuata mwaka 1961. Wahakiki wengi wameona kwamba michezo hiyo ni miepesi katika maudhui yake. Huenda ni kweli. Hata hivyo, watunzi wake walijua jambo moja ambalo mwanafunzi wetu wa leo halijui: waliisikia sentensi yao ikitoka kinywani mwa mtu, wakaona kama watu wamecheka au hawakucheka.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki navyo viliingia katika kazi hii mapema. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na mwalimu wao David Cook, walianzisha kundi la kusafiri ambalo liliwapelekea michezo watu waliokuwa mbali na majumba ya thieta, bila ya kuwatoza kiingilio. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho kama somo linalojitegemea. Katika mazingira hayo Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na Mashetani, iliyotoka mwaka 1971. Penina Muhando naye akaandika mfululizo wa tamthilia, tangu Hatia ya mwaka 1972 mpaka Nguzo Mama ya mwaka 1982 na Lina Ubani ya mwaka 1984. Si kwa bahati tu kwamba waandishi hao wawili, ambao hakuna mtalaa wa tamthilia ya Kiswahili unaoweza kuwaacha, walikuwa pia walimu wa utendaji. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambazo Hussein alizitoa pamoja mwaka 1976, haziwezi kueleweka vyema na mtu asiyejua kwamba zimekusudiwa mtambaji mmoja asimame mbele ya watu na kuzitamba.

Huko Nairobi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mnamo Oktoba mwaka 1968 Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o waliandika waraka uliopendekeza kwamba Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake pawekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Mara nyingi tunaukumbuka waraka huo kwa ajili ya nusu yake ya kwanza, ile ya kuondoa. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu hapa: waliouandika waliziona fasihi na lugha za Kiafrika zikikaa katika idara moja. Hilo halikutokea. Fasihi ilipata idara yake, ambayo lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Isimu na lugha za Kiafrika zikapata yao. Thieta ilikwenda upande wa fasihi, na ni huko ambako katika miaka ya 1970 lilitokea kundi huru la kusafiri la Chuo Kikuu cha Nairobi, ambalo John Ruganda alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Tamthilia ya Kiswahili ilibaki upande wa lugha. Hivyo utendaji ukawa na nyumba yake, na matini ya Kiswahili ikawa na nyumba nyingine, na baina ya nyumba hizo mbili njia ikawa nyembamba.

Kuna tukio moja la nje ya chuo ambalo linafaa kutajwa kabla hatujaiacha historia. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliucheza mchezo wa Kigĩkũyũ uitwao Ngaahika Ndeenda. Ulipigwa marufuku mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka. Historia ya kisiasa ya tukio hilo imeandikwa sana. Lakini kwa mwanaisimu lina funzo la namna ya pekee. Ngũgĩ ameeleza jinsi wanakijiji walivyoisahihisha lugha ya matini wakati wa mazoezi: waliwaambia waandishi kwamba mzee hasemi hivi, kwamba wimbo huu wa arusi hauimbwi hivyo, kwamba neno hili si la mtu wa rika lile. Wasomi wa chuo kikuu walikuwa wameyaandika maneno hayo na kuyasoma mezani wasione kasoro. Kasoro ilionekana pale mtu mwenye umri na cheo fulani alipoyatia kinywani mwake mbele ya watu wanaomjua mzee wa kweli. Mazoezi, kwa maneno mengine, yalikuwa njia ya uchunguzi wa lugha.

4. Yale ambayo lugha haisemi mpaka itendwe

Sasa tuingie katika kiini cha hoja. Tunaposema kwamba sehemu ya lugha ya tamthilia haionekani mpaka itendwe, tunakusudia nini hasa? Tutoe mfano mfupi tulioutunga wenyewe kwa ajili ya makala haya.

MAMA: Nani alikikalia kiti hiki?
MWANA: Huyo.
MAMA: Huyo nani?
MWANA: Mama, chakula kinapoa.

Msomaji wa mezani ataipita mistari hii minne kwa nukta chache. Atasema kwamba mama anauliza, mtoto anakwepa. Lakini awekwe mtu wa kuitenda, na papo hapo maswali yataanza. Kiashiria hiki kinatuambia kwamba mama yu karibu na kiti, je, amekigusa? Amekiinamia? Kisha mtoto anasema huyo. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba huyo kina kazi mbili: humwashiria aliye karibu na msikilizaji, na humrejelea mtu ambaye amekwisha kutajwa au anajulikana na wote wawili. Mwigizaji hawezi kuzichukua kazi zote mbili kwa pamoja. Akichukua ya kwanza, itabidi pawe na mtu mwingine jukwaani, karibu na mama, na mtoto atamtazama. Akichukua ya pili, jukwaani hamna mtu mwingine, na huyo ni mtu ambaye jina lake halitajwi katika nyumba ile: baba aliyeondoka, labda, au mgeni asiyetakiwa. Hapo swali la mama, Huyo nani?, hubadilika kutoka swali la kutaka kujua likawa onyo. Na mstari wa mwisho, unaohusu chakula, huwa ama ujanja wa kitoto, ama huruma kwa mama.

Yote hayo ni maswali ya sarufi na ya semantiki. Hakuna hata moja lililo la urembo wa jukwaa. Lakini si rahisi kuyauliza mpaka mtu alazimike kuchagua ageuze uso wake upande gani.

Viimbo navyo vina jambo lao. Katika Kiswahili, kauli na swali la ndiyo au la huweza kuwa na maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Baba amerudi ni habari, Baba amerudi? ni swali, na tofauti yake ni mpando wa sauti tu. Matini huweka alama ya kuuliza na kuishia hapo. Haielezi iwapo swali hilo limetoka kwa furaha, kwa hofu, au kwa kutoamini. Wanafunzi wakitamka sentensi hiyo moja kwa njia tano, kisha wakaulizwa ni njia ipi inayokubaliana na maneno yanayofuata, watakuwa wamejifunza kuhusu kiimbo zaidi ya vile ambavyo michoro ya ubaoni ingeweza kuwafunza.

Maamkizi ni mfano mwingine. Shikamoo na marahaba zikiwa kitabuni ni maneno mawili tu. Jukwaani huwa ni tendo la watu wawili wenye umri na cheo: nani alianza, alisimama au alibaki ameketi, aliyeamkiwa alijibu upesi au aliacha kimya kidogo kipite. Kimya hicho hakimo katika maneno ya matini, lakini ni sehemu ya mazungumzo, na kinaweza kuwa na maana kuliko neno lenyewe. Hali kadhalika tanakali za sauti, viingizi kama ebo na lahaula, na tabia ya kukatizana maneno: vyote hivi hupewa nafasi ndogo katika uchambuzi wa maandishi, na nafasi kubwa mno katika usemi halisi wa Waswahili.

Tukitoka katika mfano wetu na kwenda katika tamthilia zinazojulikana, hoja huzidi kupata nguvu. Katika Kinjeketile, mhusika mkuu hupagawa na Hongo na kutoa utabiri. Miongoni mwa maneno anayoyatoa katika hali hiyo ni kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye fahamu zinapomrudia, yeye mwenyewe hushtushwa na maneno hayo, maana anatambua kwamba kumwondoa Mjerumani ili kuwa chini ya bwana mwingine si uhuru. Mtu ni mmoja, lakini sauti ni mbili. Msomaji wa mezani husoma kwamba Kinjeketile amepagawa, na akaendelea. Mwigizaji ni lazima aamue: sauti ya Hongo inatofautianaje na ya Kinjeketile? Je, wanaomsikiliza wanaitambua tofauti hiyo, au kwao zote ni sauti ya mtu waliyemwamini? Uamuzi huo unagusa swali kuu la tamthilia nzima, la neno linalomponyoka aliyelisema na kupata nguvu zake lenyewe.

Katika Mashetani, vijana wawili, Juma na Kitaru, hucheza mchezo ndani ya mchezo, mmoja akawa Shetani na mwingine Binadamu. Wanafunzi wengi husema kwamba tamthilia hii ni ngumu, na ugumu huo huhusishwa na falsafa yake. Tunaamini kwamba sehemu ya ugumu huo inatokana na kusomwa kwa macho peke yake. Msomaji huyapoteza mahali ambapo vijana hao wanaingia katika mchezo wao na mahali wanapotoka. Mtazamaji hawezi kupapoteza iwapo waigizaji wamepafahamu, kwa sababu mwili na sauti hubadilika mbele yake.

Nguzo Mama nayo inatupa mfano wa kitu kisicho lugha kabisa. Wanawake wa Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Kitabuni, nguzo ni ishara, na mwanafunzi huandika kwa haraka kwamba ni ishara ya ukombozi wa mwanamke. Jukwaani nguzo ni kitu kizito chenye urefu. Watu wanaishika, wanatoka jasho, mmoja anaiacha na kuondoka, na uzito unawaelemea waliobaki. Mwanafunzi aliyeshiriki katika tendo hilo hataandika tena kwamba nguzo ni ishara, akaishia hapo. Atakuwa na la kusema kuhusu ni nani aliyeiacha, na kwa nini aliiacha wakati ule.

5. Jinsi kazi inavyoweza kuendeshwa

Huenda msomaji akakubali haya yote, kisha akauliza: kazi hii itafanywaje katika idara isiyo na jukwaa, isiyo na taa, isiyo na fedha za maleba? Jibu letu ni kwamba haihitaji hayo. Kinachohitajika ni nafasi ya wazi, hata ikiwa ni darasa ambalo madawati yake yamesukumwa kando au kivuli cha mti, pamoja na muda uliopangwa.

Tuchukue darasa la wanafunzi 60. Ligawanywe katika makundi 10 ya watu 6. Kila kundi lipewe tukio lisilozidi dakika 10, na kila tukio lipewe makundi mawili yafanye kazi bila ya kushauriana. Maonyesho yote yatachukua dakika 100, ambazo zinaweza kugawanywa katika vipindi viwili ili ubaki wakati wa mjadala. Kwa hesabu hiyo kazi nzima haidai zaidi ya wiki tano za muhula.

Wiki ya kwanza ni ya kusoma kwa sauti. Kundi huketi pamoja na kuisoma sehemu yake tangu mwanzo mpaka mwisho, bila ya kuigiza, na kila asiyeelewa neno husimamisha usomaji. Hapa ndipo kamusi hutumika kwa haja ya kweli. Wiki ya pili ni ya maswali: kundi huweka alama penye kila kiashiria, kila kituo, kila mahali ambapo haijulikani anayesema anamtazama nani, na kila mahali ambapo maelezo ya mtunzi yanapingana na maneno ya mhusika. Wiki ya tatu ni ya nafasi: nani anaingia kutoka wapi, anasimama wapi, anatoka lini. Mwelekezi huchaguliwa na kundi lenyewe, na kazi yake si kuamuru bali ni kuuliza. Wiki ya nne ni ya mazoezi bila kitabu mkononi, maana mtu aliyeshika kitabu hawezi kumtazama mwenzake. Wiki ya tano ni ya maonyesho na mjadala.

Mjadala huo ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Kwa kuwa makundi mawili yamelitenda tukio lile lile, tofauti zitaonekana zenyewe. Kundi moja litakuwa limemfanya mama aulize kwa upole, jingine kwa hasira. Hapo mwalimu huuliza swali moja tu: ni kitu gani katika matini kinachokubali jambo hilo, na ni kitu gani kinachokataa? Wanafunzi hurudi kitabuni, na safari hii hukisoma kama watu wenye shauri la kutetea.

Kuhusu kutahini, tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi atunze daftari ambamo ataandika, baada ya kila zoezi, uamuzi mmoja ambao kundi lilifanya na sababu za kilugha zilizousababisha. Daftari hilo, pamoja na insha fupi inayolinganisha utendaji wa makundi mawili, ndilo litakalopewa alama. Uigizaji wenyewe usipewe alama, au upewe chache mno. Sababu ni kwamba hatutafuti kipaji cha kuigiza. Mwanafunzi mwenye haya ambaye aliona kwa nini huyo haikuwa yule ametimiza lengo letu kuliko aliyewachekesha watu wote.

Mahali ambapo pana idara au kitengo cha thieta katika chuo kile kile, busara ni kushirikiana. Wao wana ujuzi wa mwili, wa sauti na wa nafasi. Sisi tuna ujuzi wa lugha. Wanafunzi wa pande zote mbili wakiuandaa mchezo mmoja wa Kiswahili kwa mwaka, na kuupeleka shule za jirani, njia ile nyembamba tuliyoitaja itaanza kupanuka.

6. Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba onyesho hufunga maana. Kitabuni tamthilia ina maana nyingi. Jukwaani mwelekezi huchagua moja na kuziua nyingine. Pingamizi hili lina ukweli, na ndiyo sababu tumependekeza makundi mawili kwa kila tukio. Hata hivyo ni lazima tuulize kama kweli msomaji wa mezani huziweka maana zote hizo wazi, au huwa hajaziona. Kuiacha maana wazi kwa kujua ni jambo moja. Kuipita bila ya kuiona ni jambo jingine.

Pingamizi la pili ni kwamba zipo tamthilia zinazosomeka vizuri kuliko zinavyochezeka. Mara nyingi hutajwa zile zilizoandikwa kwa lugha ya kishairi, kama Kwenye Ukingo wa Thim ya Hussein, iliyotoka mwaka 1988 na ambayo inahusiana na mzozo wa maziko ya wakili S. M. Otieno uliofikishwa mbele ya mahakama za Nairobi. Tunakubali kwamba uzito wa lugha yake unadai kusomwa polepole. Lakini hata hapo jina lenyewe linatuuliza swali la utendaji. Thim ni neno la Kijaluo, lenye maana ya pori. Je, mhusika Mjaluo atalitamka kama litamkwavyo kwao, na mkewe alitamke vipi? Katika mzozo unaohusu ni nani mwenye haki ya kumzika marehemu na wapi, matamshi ya neno hilo moja hayawezi kuwa jambo la pembeni.

Pingamizi la tatu ni la kiserikali zaidi kuliko la kitaaluma: kwamba mchezo huleta taabu. Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba hofu hiyo haikutoka hewani. Vitabu vingi vilivyokuwa na maneno makali vilikaa madukani kwa amani, na michezo yenye maneno hayo hayo ikazuiwa. Jambo hilo lenyewe linathibitisha hoja yetu. Ikiwa waliokuwa na mamlaka walitambua kwamba maneno yaliyotendwa si sawa na maneno yaliyochapishwa, haielekei kwamba sisi wataalamu wa lugha tuwe wa mwisho kulitambua.

Pingamizi la nne, na la kawaida kuliko yote, ni ukosefu wa wakati. Mtalaa umejaa, na mtihani unakaribia. Kwa hili hatuna jibu jingine ila kuuliza wakati uliopo unatumiwaje. Mihadhara mitano inayosimulia muhtasari wa tamthilia ambayo kila mwanafunzi anaweza kuisoma chumbani kwake si matumizi bora ya wiki tano.

7. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba tamthilia ya Kiswahili ilianza mbele ya watu kabla ya kuwa kitabu. Kwamba mgawanyo wa idara uliitenga matini na utendaji. Na kwamba utengano huo umeigharimu taaluma ya lugha, si ile ya thieta peke yake. Viashiria, viimbo, vituo, maamkizi na kimya ni mali ya mwanaisimu. Tamthilia inavihifadhi vyote, lakini inavihifadhi kama mbegu zilivyo ghalani: zipo, na hazijaota.

Anayeumia zaidi kwa hali hii ni mwalimu kijana aliyesimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, mkononi ana tamthilia, na swali lao ni kwa nini kitabu hiki hakisomeki kama riwaya. Hana jibu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Tunapoikaa mikutano yetu ya kupanga mitalaa, tumkumbuke huyo.

Huenda ni kweli kwamba kuona kwingi si kujua kwingi. Lakini katika jambo hili la tamthilia, kutoona kabisa hakujapata kumpa mtu ujuzi wowote.